Singo ya hatari si lazima iwe iliyofungiwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala yenu ya burudani juu ya "singo za hatari" imesomwa sana huku Tanga, na imebishaniwa kuliko ilivyosomwa, kuanzia barabara za namba pale Ngamiani mpaka stendi ya Kange. Mwandishi wenu amezipanga nyimbo kwa kipimo kimoja tu: upi umefungiwa, upi umemfanya mwenyewe aitwe Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), upi umezua maneno mitandaoni. Kwa kipimo hicho, bingwa wa kuthubutu ni msanii mwenye faili nene kuliko wenzake pale BASATA. Kazi yetu sisi ni kupanga muziki redioni, kuupiga kwenye shughuli na kuurekodi studio, na kwa macho ya kazi hiyo kipimo chenu kimepinda.

Chukueni "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond Platnumz, ambayo mwandishi ameiweka juu kabisa. Ilitoka Novemba 2018, BASATA wakaifungia mwezi huohuo kwa maneno yake, na Desemba, baada ya kuimbwa jukwaani kulekule Mwanza, wasanii wote wawili wakazuiwa kufanya maonyesho. Hasara ilikuwepo, Desemba ndio mwezi wa matamasha, na msanii aliyezuiwa Desemba amefungiwa duka siku ya mnada. Lakini wimbo wenyewe ulihatarisha nini kimuziki? Mdundo ulikuwa ule ambao mashabiki wao walishauzoea, kiitikio kinashikika mara ya kwanza, na utani wa jina la mahali ni mchezo wa kale kuliko redio. Sikio halikuombwa kujifunza kitu kipya.

"Wapo" ya Nay wa Mitego, Machi 2017, inachekesha zaidi. Mwimbaji alikamatwa, wimbo ukapigwa marufuku, na kabla watu hawajamaliza kutumiana kwenye simu, Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameelekeza aachiwe na wimbo upigwe. Hakuna meneja nchi hii mwenye bajeti ya kununua tangazo la namna hiyo. Na video ya "Mtasubiri" ya Diamond akiwa na Zuchu, ya mwaka 2022, ilizuiwa kwa sababu ya kipande cha kanisani ikiwa imeshatazamwa kwa miezi. Rungu lilifika shambani mavuno yakiwa ghalani.

Hatusemi adhabu haiumi. Roma, mtoto wa Tanga hii, alipewa miezi 6 ya kutofanya muziki mwaka 2018 kwa ajili ya "Kibamia", na miezi 6 ni muda mrefu kwa mtu anayekula kwa sauti yake. Tunachosema ni kwamba hatari ya adhabu na hatari ya wimbo ni vitu viwili. Wimbo uliokatazwa una watangazaji wawili wa bure, anayeupenda na anayeukataza. Wimbo uliohatarisha sikio la msikilizaji hauna hata mmoja. Ukibuma, unabuma kimyakimya, na hakuna wa kulaumiwa ila aliyeuchagua.

Singo ya hatari, kwa lugha ya kazi yetu, ni ile inayogusa kitu ambacho msikilizaji anakitegemea bila kujua kwamba anakitegemea: urefu, besi, mwendo wa mdundo, sekunde za mwanzo, lugha, au msimu wa kutoka. Na ukizitazama zilizofanikiwa, karibu zote ziligusa kimoja, vingine zikaviacha palepale.

Tuanze na mzaliwa wa Unguja. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. "Bohemian Rhapsody" ya kundi lake la Queen ilitoka kama singo tarehe 31 Oktoba 1975 ikiwa na dakika 5 na sekunde 55. Leo mtu atasema dakika sita ni nini? Wakati ule ilikuwa shida ya santuri na sindano. Santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika inabeba vizuri dakika tatu hadi nne kila upande. Ukizidisha, mifereji inabidi isogezwe karibu karibu na ichongwe kwa kina kidogo, sauti inapungua, na besi ndiyo inayokatwa kwanza kwa sababu ndiyo inayotaka mfereji mpana. Redioni, santuri hiyo ikifuata wimbo wa dakika tatu uliokatwa kwa nguvu, inasikika kama imetoka chumba cha pili.

Bendi zetu zililijua tatizo hilo na zikalikwepa kwa akili. Angalieni santuri za zamani zilizokatwa Nairobi, zikiwemo za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za hapa Tanga: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Mashairi taratibu huku, chemko kule. Mpiga santuri alijua akifika mwisho wa upande wa kwanza ageuze haraka kabla watu hawajakaa. Queen hawakugeuza. Walikataa kukata, wakakataa kugawa, wakaweka zote upande mmoja, wakati wenye kampuni wakiwaambia hakuna redio itakayoupiga.

Ukapigwa. Mtangazaji wa London, Kenny Everett, alipewa nakala kabla haijatoka, akaipiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa wiki. Watu wakaenda madukani kuuliza wimbo ambao haujauzwa bado. Ulikaa namba moja Uingereza wiki 9, na ukarudi tena namba moja mwaka 1991 alipofariki Mercury. Watu husimulia habari hii kana kwamba urefu ndio ulioshinda. Sivyo. Wimbo ule hauna kiitikio kinachorudi, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko urefu. Kilichouokoa ni kwamba hakuna kipande kinachokaa mpaka kichoshe: kwaya, kinanda na hadithi, gitaa, opera, roki, kisha unatulia. Msikilizaji hangoji kiitikio kwa sababu kila akikaribia kukikumbuka analetewa chumba kingine. Anayetaka kuachia wimbo wa dakika sita kwa biti moja inayojirudia asijifiche nyuma ya Queen. Tena Queen walikuwa na akiba: mwaka mmoja kabla, "Killer Queen" ilishafika namba 2 Uingereza. Redio iliwajua.

Mfano unaotufaa zaidi sisi wa maspika ni "When Doves Cry" ya Prince, ya Mei 1984. Ule wimbo hauna besi. Prince aliurekodi peke yake, akaipiga besi, akaisikiliza, akaifuta. Kwa muziki wa kuchezwa hilo ni sawa na kupika pilau ukaacha mchele. Na ndiyo aliyoichagua kuwa singo ya kwanza ya albamu yake, Purple Rain. Ikakaa namba moja Marekani wiki 5.

Hapa tukae kidogo, maana vijana wengi wa studio wanautaja huo wimbo kama ruhusa. Besi ikiondoka, ngoma ya mguu inabaki peke yake chini, na ndiyo inayobeba mwili wa mchezaji. Kwa Prince ile ngoma ya mashine imekaa mbele, imekauka, na kinanda kimeachiwa nafasi juu. Kosa tunaloliona mara nyingi ni fundi kuondoa besi kisha kuogopa ukimya wake, akajaza pengo kwa vinanda vya kutanda kwenye sauti nzito za hezi 100 hadi 250, yaani mitetemo 100 hadi 250 kwa sekunde. Hapo sasa hakuna besi wala hakuna nafasi, pamebaki tope. Kwenye simu hutalisikia tope hilo, kwa sababu spika ya simu haitoi vizuri sauti zilizo chini ya takribani hezi 300. Utalisikia ukumbini, kwenye maspika ya inchi 18, ambako dijei ataona muziki umenywea, atapandisha kitasa cha besi, na kitakachopanda ni tope na mvumo wa maikrofoni ya mshereheshaji.

Dawa ipo. Ngoma ya mguu ipandishwe au ishushwe mpaka ikubaliane na ufunguo wa wimbo, yaani sauti yake ya msingi, iachwe ivume kidogo zaidi ya kawaida, na vyombo vingine vyote vikatwe chini ya hezi 150. Halafu wimbo usikilizwe kwa upande mmoja, yaani kushoto na kulia zikiunganishwa. Kumbi nyingi za mikoani, na karibu kila bajaji, hupiga hivyo. Fundi aliyetanua sauti za chini ili zisikike pana kwenye hedifoni atashangaa: mawimbi ya kushoto na ya kulia yanakutana yakiwa kinyume, yanafutana, na nusu ya ngoma inapotea.

Kuna jambo la Prince ambalo wanaomtaja hulisahau. "When Doves Cry" kwenye albamu ina karibu dakika 6, urefu uleule wa "Bohemian Rhapsody". Lakini singo iliyokwenda redioni ilikatwa ikawa chini ya dakika 4. Alihatarisha besi, urefu akaukubali kama wenye redio walivyotaka. Hiyo ndiyo tunayoiita hatari moja.

Mtu wa haki atatuuliza: na Kate Bush, yule mwimbaji wa Uingereza, je? Kweli. Januari 1978, akiwa na miaka 19, bila jina, alikataa wimbo wa roki ambao kampuni yake iliutaka utangulie, akang'ang'ania "Wuthering Heights", sauti juu kama filimbi na hadithi ya mzimu dirishani. Wiki 4 namba moja Uingereza. Hakuwa na akiba yoyote. Huyo anavunja kanuni yetu na hatuna jibu, ila kwamba wimbo ule una kiitikio ambacho mtoto wa darasa la pili angekishika.

Kuhusu sekunde za mwanzo, "I Will Always Love You" ya Whitney Houston, Novemba 1992, inaanza kwa sauti tupu kwa zaidi ya nusu dakika. Wenye lebo walikuwa na wasiwasi. Kevin Costner, aliyecheza naye kwenye filamu, akashikilia ibaki hivyo. Wiki 14 namba moja Marekani. Kwa dijei wimbo kama huo hauchanganyiki na mwingine, maana hakuna pigo la kushikia. Unakata wa kwanza, unaacha pumzi, unaingiza. Basi msanii anayeanza na sauti tupu awape madijei toleo la pili lenye ngoma mwanzoni. Mapigo 32 yanatosha. Kwa mwendo wa 100 kwa dakika hiyo ni sekunde 19 hivi. Asipowapa watajitengenezea wenyewe, na watautengeneza vibaya.

Sasa mwendo, na hapa Tanga ina la kusema.

Bongo Fleva nyingi zinatembea kati ya mapigo 90 na 105 kwa dakika. Amapiano ziko 112 mpaka 115. Singeli zinaanzia karibu 180 na zinaweza kupita 250. Msanii wa mapenzi ya taratibu akiachia singo ya singeli, mashabiki wake hawachukizwi na maneno. Miguu yao ndiyo inayokataa. Lakini ziko namba zinazosaidia. Wimbo wa 100 unaingia kwenye singeli ya 200 bila kugombana, kwa sababu kila pigo la ule ni mapigo mawili ya huu. Dijei anaacha kiitikio cha taratibu juu, anaingiza ngoma za haraka chini, na ukumbi unavuka bila kujua umevuka. Ukiitoa singeli yako kwenye 185, inabidi itanguliwe na wimbo wa 92 au 93, na hizo zipo chache kwenye orodha ya dijei wa usiku. Wengi watairuka tu. Tofauti ya mapigo 15 inaamua kama wimbo utapigwa saa tano usiku au saa tisa, watu wakishakwenda.

Ngoma za asili nazo zina mtego wao. Mbosso na Diamond waliitoa "Baikoko", iliyomo katika albamu ya Mbosso ya 2021, Definition of Love, kwa jina la ngoma ambayo huku kwetu haihitaji maelezo: wanaume kwenye ngoma, wanawake kwenye viuno. Gazeti lenu liliona hatari kwenye viuno. Sisi tunaiona kwingine. Baikoko halisi haina kiitikio cha dakika tatu. Inakwenda kwa kuitikiana, mpigaji akimfuata mchezaji, na inapanda kadiri inavyokolea. Ukiifunga ndani ya biti ya kompyuta isiyopanda, mtu wa Tanga anasikia jina la ngoma yake na haioni ngoma. Ukiiacha ipande kweli, mtu wa Mbeya hajui aingilie wapi. Waliotengeneza waliegemea upande wa Mbeya, na kibiashara hawakukosea. Ila msanii wa Tanga anayetaka kuiga njia hiyo afahamu kwamba hapa nyumbani atapimwa na wenye ngoma.

Na hatujaanza leo. Black Star Musical Club ya hapahapa iliweka magitaa ya umeme na mwendo wa dansi ndani ya taarabu, mahali ambapo watu walizoea udi na fidla. Mashairi yakabaki mashairi, mafumbo yakabaki mafumbo, mwimbaji akabaki anaimba kwa tuo. Kilichobadilika ni kilichokaa chini ya mashairi. Mtindo ule ukavuka mpaka ukafika Mombasa. Kitu kimoja, Mhariri.

Diamond mwenyewe, kama mnataka kumweka kwenye orodha, mwekeni kwa "Salome" ya Septemba 2016. Alichukua wimbo wa Saida Karoli ulioimbwa kwa Kihaya, ambao nchi nzima iliujua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaujenga upya na Rayvanny. Hapo kuna hatari halisi: kila mtu mzima ana wimbo wa kwanza kichwani, na ukishindwa, hushindwi na washindani wako wa mwaka huo, unashindwa na kumbukumbu. Aliacha sauti ya asili ya wimbo isikike, ya kwake akaijenga pembeni yake. Vilevile "Waah!" ya Novemba 2020, alipomleta Koffi Olomide wa Kongo. Sebene ilikuwa ngeni kwa vijana wake, lakini utani, kiitikio na dansi vilikuwa vyao.

Wanaoirudia njia ya "Salome" wajue penye shimo. Wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Kuimba upya kwa sauti yako kunataka ruhusa ya mwenye utunzi. Kuchukua kipande cha rekodi yenyewe kunataka na ya mwenye rekodi, na mara nyingi hao si watu wamoja, wala mwimbaji aliyeufanya ujulikane si lazima awe mmoja wao. Ruhusa iwe ya maandishi, itaje asilimia, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipelekewe nakala kabla ya wimbo kwenda kwa msambazaji. Biti iliyonunuliwa mtandaoni nayo isomwe mkataba wake; iliyouzwa kwa matumizi ya pamoja inaweza kuwa kwa wasanii kumi wengine. Video ya "Uno" ya Harmonize, wimbo wa 2019, iliwahi kuondolewa YouTube kwa malalamiko juu ya mdundo, ikarudi baadaye. Wimbo ukiondoka kwa siku chache katika wiki zake za kwanza unapoteza kasi, na kasi hairudishwi pamoja na video.

Kuna hatari nyingine ambayo mwandishi wenu hakuigusa kabisa: kuchagua salama mno. Singo ya kwanza ya albamu ya Thriller ya Michael Jackson, Oktoba 1982, ilikuwa "The Girl Is Mine", mabishano ya upole na Paul McCartney. Ilifika namba 2, na waliposikia hiyo wengi wakadhani albamu nzima ni ya upole. Miezi michache baadaye ikaja "Billie Jean". Jackson aliweza kumudu kuanza vibaya kwa sababu nyuma yake zilikuwepo singo nyingine sita. Msanii wa Makorora hapa Tanga mwenye fedha ya video moja hana "Billie Jean" ya Januari.

Madonna tunamtaja kwa ufupi, maana ndiye mnayempenda. "Like a Prayer", Machi 1989: Pepsi walimlipa dola milioni 5, tangazo likaenda hewani, video yenye misalaba inayoungua ikafuata siku ya pili, Pepsi wakajitoa, fedha zikabaki kwake, wimbo ukafika namba moja. "Justify My Love", 1990: MTV walikataa video, ikauzwa madukani kwa kanda. Hizo ni kiki zilizopangika vizuri, juu ya nyimbo ambazo masikio yalizikubali. Hatari yake ya kweli ilikuwa "American Life", 2003. Ndani ya singo moja kulikuwa na gitaa kavu na mashine, kurapu, na siasa, vita vya Irak vikianza. Kisha video akaiondoa mwenyewe kabla haijaenea Marekani. Iliishia namba 37 kule. Aliyekuwa upande wa vita alishakasirika, na aliyekuwa akingoja amuunge mkono hakupewa cha kutazama. Ukishaamua kuthubutu, kurudi nyuma katikati kunakupa hasara zote mbili.

Mwisho ni wakati, na kwa pwani hii wakati unaua nyimbo kuliko Baraza.

Tangu tarehe 10 Julai 2015 kampuni za dunia zinaachia nyimbo Ijumaa. Wasambazaji wa mtandaoni wamejipanga hivyo, na Spotify, iliyofika Tanzania 2021, inataka wimbo upendekezwe kwa wapanga orodha angalau siku 7 kabla. Sawa, faili iende Ijumaa. Lakini Ijumaa mchana Tanga haipo sokoni, iko msikitini. Msanii anayefanya mzunguko wa redio za hapa saa sita na nusu mchana siku hiyo anaongea na mitambo. Aende Alhamisi jioni, au Ijumaa baada ya alasiri, wimbo ukiwa tayari umewekwa, ili Jumamosi ya harusi uwe masikioni.

Kubwa zaidi ni Shaaban. Mwezi huo harusi zinabanana, kila mtu anataka kumaliza kabla ya mfungo, na vunja jungu inafunga hesabu. Wimbo wa shughuli unaotoka wiki ya kwanza ya Shaaban una wiki tatu za kupigwa kila usiku. Ukitoka wiki ya mwisho una siku chache, kisha redio nyingi zinageukia kaswida na mawaidha, na Idi ikifika wimbo wako ni kiporo. Kalenda ya mwandamo inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo meneja anayesema "mwaka jana tuliachia tarehe hii ikatubariki" anahesabu kwa kalenda ya bure ya ukutani. Kuachia wimbo wa viuno katikati ya Ramadhani ili watu waongee, huo si ujasiri. Wapangaji tutauweka pembeni, na ukishawekwa pembeni mara moja huwa haukumbukwi.

Kwa hiyo mwenye singo ya hatari mkononi, aanze wiki 6 nyuma. Wiki ya kwanza amalize matoleo manne kutoka kwenye sesheni ileile: kamili, la redio lisilo na maneno makali na lenye dakika 3 na nusu, la biti tupu, na la sauti tupu. Yote yawe faili za WAV, si MP3 iliyogeuzwa jina. Jina la wimbo liandikwe sawasawa kila mahali, herufi kwa herufi, maana "Nakupenda" na "Nakupendaa" kwa kompyuta ni nyimbo mbili na mapato yatagawanyika. Wiki mbili zinazofuata autembeze: simu, bajaji, ukumbi. Asiwaulize watu kama ni mzuri, watamwambia ni mzuri. Atazame wapi wanashika simu. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30. Kama watu wanashika simu sekunde ya 20, hatari yake imekaa mahali pabaya na ihamishwe ije baadaye, au kiitikio kisogezwe karibu na mwanzo. Ziada yoyote ya hatari iondolewe hapo: kama amebadili mwendo, lugha ibaki, kama amebadili lugha, mdundo ubaki. Wiki ya nne faili ziende kwa msambazaji. Zilizobaki ni za redio na madijei, wapewe kwa mkono na waambiwe wazi ni nini kimebadilika, kwa sababu dijei asiyeambiwa kwamba besi imeondolewa kwa makusudi atadhani amepewa faili mbovu.

Ombi letu kwenu ni dogo. Mnapoandika habari za singo mpya, pamoja na picha ya msanii na gari lake, tuchapishieni urefu wa wimbo, mwendo wake, na jina la aliyeutengeneza. Nafasi yake ni mstari mmoja. Tena Shaaban ikikaribia mtuwahishie, gazeti hufika huku mchana.

Ni sisi wapangaji muziki, madijei na mafundi wa studio,
Ngamiani, Tanga